Alichokiona Demetria

Ijumaa jioni Demetria Ntakirutimana, mwalimu wa hesabu Urambo, alimpigia simu Fauzi Darwesh. "Nimeona kinachohesabiwa," alisema, pumzi zikimpaa. "Nitakuandikia Jumapili nikitoka misa." Jumamosi asubuhi kiharusi kikamwangusha jikoni.

Walikuwa na miaka sita katika swali moja. Namba tano inagawanyika kwa njia saba: tano yenyewe, nne na moja, tatu na mbili, na kuendelea, kila mgawanyo Demetria aliuchora kwa safu za visanduku. Fauzi, mhadhiri Dodoma, alikuwa mtu wa majedwali makubwa ya namba za kubahatisha. Kulikuwa na fomyula moja, ya zile ambazo ukizibadilishia herufi nafasi hazibadiliki, na wastani wake juu ya majedwali yale ulitoka namba kamili kila walipopiga hesabu. Haukutoka na desimali hata mara moja. Demetria alishikilia kwamba namba kamili haiji hivi hivi. Lazima kuna vitu vinahesabiwa, na vitu hivyo ni visanduku vyake. Vipi, hawakujua.

Fauzi alishuka stesheni ya Tabora akiwa na daftari jipya. Demetria alikuwa kwa mdogo wake, Inamahoro, mtaa wa Ipuli, amelazwa kwenye godoro sebuleni. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yamekwisha. Alipomwona Fauzi, machozi yakamtoka jicho moja.

"Karibu kaka," Inamahoro alisema. "Usimchoshe."

Fauzi alimpa kalamu mkono wa kushoto. Demetria alichora safu ya visanduku, akaandika ndani moja, mbili, nne. Akasimama. Akaanza upya: moja, mbili, nne. Akasimama palepale.

"Halafu?" Fauzi aliuliza. "Nne inashuka safu ya chini?"

Demetria akaitikia kwa kichwa.

Siku tatu Fauzi alijifungia kwenye chumba cha gesti akifuata njia hiyo. Ilikwenda vizuri kwa tano. Kwa sita ikavunjika. Akarudi Ipuli mbio, hajanyoa, akapiga magoti kando ya godoro.

"Mwalimu, haishuki, sivyo? Inapanda?"

Akaitikia.

"Au inahamia pembeni?"

Akaitikia tena. Inamahoro, aliyekuwa akipoza uji, aliweka kikombe chini.

"Dada," alisema, "mimi ni mama yako?"

Demetria akaitikia kwa kichwa, macho yakimtazama kwa upole.

Fauzi alielewa, na bado akarudisha kalamu kwenye vidole vyake. "Mara moja tu. Baada ya nne kinakuja nini?" Demetria akaandika moja, mbili, nne. Akalikodolea macho lile pengo, kisha akatoa sauti nzito ambayo Inamahoro hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Demetria alijua. Alijua kwamba aliwahi kujua.

"Toka nyumbani kwangu," Inamahoro alisema.

Kiharusi cha pili kilikuja Alhamisi. Demetria hakufika hospitali.

Walimzika Ulyankulu, kwa wazazi wao. Fauzi alisimama nyuma ya watu, hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Mazishi yalipokwisha, Inamahoro akamfuata na mfuko wa daftari za Demetria.

"Chukua. Hapa hakuna wa kuzisoma."

"Nisamehe, dada."

"Siku zake za mwisho alizimaliza akiamini amefeli mtihani," Inamahoro alisema. "Mtihani wako." Akarudi kwa wenzake.

Fauzi alizisoma zote, ukurasa kwa ukurasa, mwaka mzima. Maandishi yaliishia Alhamisi, siku moja kabla ya ile simu. Makala aliyoituma kwenye jarida la hesabu ilitanguliza jina la Demetria, na ilisema wazi kwamba sababu ya namba zile kuwa kamili haijulikani. Wakati wa kujibu maswali ya wahakiki, mmoja alimuuliza kama ana fununu yoyote. Aliandika kwamba hana.

Tangu hapo amefundisha takwimu za mwaka wa kwanza tu.