Mafuta Juu ya Maji

Watu wa filamu walipofika Paya, kijiji cha Tororo nchini Uganda, walimsifu Athieno kwa jambo ambalo majirani walikuwa wakimchekea miaka yote: kwamba hatupi kitu cha zamani. Debe la bati lenye mpini wa mti, analo. Pasi ya mkaa yenye jogoo kichwani, anayo. Na taa ya chemni ya mumewe Ofumbi ilikuwa bado inaning'inia jikoni, kioo chake kimefungwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Filamu ilihusu miaka ya sabini, enzi ya magendo. Mjukuu wake Phiona, aliyeajiriwa kuwatafutia vyombo vya zamani, ndiye aliyewasimulia habari za babu yake. Ofumbi alivuka mpaka kwenda Busia ya Kenya kutafuta mafuta ya taa na chumvi, asirudi. Wazee walingoja, wakachoka, wakazika shina la mgomba badala ya mwili. Lakini mgomba haufungi midomo ya watu. Hadi leo, pombe ikikolea, hakosekani wa kusema kwamba Ofumbi hakufa. Alipata mwanamke mnono ng'ambo, akasahau njia ya kwao.

Basi Athieno alitaka jambo moja tu kwa wageni wale: filamu iseme kwa nini mume wake alitoka nyumbani.

Jared, mwongozaji kutoka Kisumu, alikuwa kijana makini. Aliondoa jerikeni za plastiki, akaficha sola, hata kiberiti alikikataa, akasema picha ya ganda lake ni ya juzi. Wakaziba madirisha kwa mablanketi, asubuhi ikawa usiku. Kisha akaiwasha taa.

Nyumba nzima iling'aa. Mezani palikuwa na chai, na bakuli la sukari limejaa hadi ukingoni.

Athieno akatazama. "We mtoto, hapa ni kwa nani?"

"Kwako, nyanya. Si hiyo ndiyo taa yako?"

"Taa ni yangu. Mwanga si wangu. Kama nyumba ilikuwa nawaka hivi, na sukari iko, mzee alienda kutafuta nini? Si watu watasema alifuata sketi?"

Vijana wakacheka. Jared naye alicheka, kisha akakuna kichwa. "Nimekuskia, nyanya. Lakini kamera haioni gizani. Nipe mwanga kidogo tu, hata wa kuazima."

Sukari iliondolewa bila ubishi. Taa ndiyo iliyoleta kazi. Athieno aliishusha, akamimina mafuta yote kwenye chupa, akaomba maji.

"Maji, nyanya?" Phiona akashtuka. "Si itaharibika?"

"Mafuta nakaa juu ya maji. Yakibaki kijiko, unayanyanyua kwa maji mpaka utambi uyafikie. Wakati wa shida tulikuwa nafanya hivyo. Inawaka kidogo, inalia, inakufa."

"Basi na ife mbele ya kamera," Jared akasema kwa upole. Akachuchumaa karibu naye. "Na mzee, akitoka, alisema nini?"

Athieno alipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

"Alinitegea kitendawili. Huyo mtu hata njaa haikumnyamazisha. Jibu nililijua. Lakini mtoto alikuwa nakohoa, na gizani uso wake siuoni. Nani anataka kucheza? Nikasema sijui, nikampa mji, kama wanavyofanya walioshindwa."

"Mji gani?"

Athieno alimwita Maurine, binti aliyeigiza nafasi yake, akamnong'oneza sikioni.

Wakaanza. Taa ilitoa ulimi mwembamba wa moto, ikaonyesha nusu ya uso wa Maurine na kichwa cha mtoto mapajani. Ikalia, tss, tss, kama chumvi kwenye kaango. Ikazimika. Uliobaki ni wekundu wa makaa. Mwigizaji wa Ofumbi akaokota debe, akasimama mlangoni.

"Kitendawili!"

"Tega," Maurine akaitika bila hamu.

"Ana jicho moja. Ukimnywesha anaona, ukimnyima anapofuka."

"Sijui mimi. Chukua..."

"Usimpe Busia!"

Sauti ilitoka nyuma ya kamera. Athieno alikuwa amesimama, mkono mbele, vidole vimekunjika kama anayemshika mtu shati.

"Mpe Tororo, mwanangu. Tororo ni hapa. Mpe hata Nabuyoga, hapo jirani. Aende, arudi kabla ugali haujapoa."

Hakuna aliyecheka. Jared alizima kamera mwenyewe. Phiona akamkumbatia bibi yake mabegani.

"Tuache, nyanya?" Phiona akauliza.

"Msiache. Mimi ndiye nimeharibu. Mkiacha, watasema yale yale."

Akapima kijiko kingine cha mafuta kwa mkono wake, akakimimina juu ya maji. Kisha akatoka, akakaa kando ya mlango, akajiziba mdomo kwa ncha ya leso.

Kupitia blanketi la dirishani alisikia taa ikilia hadi ikanyamaza. Alisikia kitendawili. Kisha sauti ya Maurine, imechoka sawasawa na ilivyochoka yake siku ile: "Sijui mimi. Chukua Busia."

Mlango ukalia. Kijana wa filamu akatoka na debe lake tupu, akampita Athieno hatua chache, akasimama uani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa inaishia hapo. Akapangusa jasho, akageuka, akarudi ndani.

Athieno akausikia mlango ukilia mara ya pili.