Mtu Akitangulia

…na ya tatu ni ya malezi, hiyo Mwalimu ameipigia mstari mara mbili, kana kwamba mwanafunzi ni mimi, tovuti tatu kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu, moja ya furaha, moja ya afya ya akili, moja ya malezi, "zipitie hapo nje, mzazi, niongee naye kidogo," na mlango ukafungwa, nami nimekaa kwenye kiti cha mtoto wa darasa la pili, magoti yamekaribia kidevu, simu mkononi, saa nane na dakika ishirini mchana, siku ya kazi, gari la idara liko nje ya geti na ndani yake mna mawe ya mizani ishirini na manne ambayo sasa hivi yalipaswa kuwa kwenye ghala la nafaka, maana kazi yangu ni kukagua mizani za watu, mwaka wa kumi na saba huu, naweka kilo moja ya serikali juu ya mizani ya muuza duka na kabla mshale haujatulia nimeshajua… na leo nimeitwa kwa sababu binti yangu wa miaka saba amewaambia wenzake darasani kwamba anamfuata mama yake. Anamfuata. Hivyo ndivyo Mwalimu alivyosema kwenye simu, polepole, kama mtu aliyebeba sufuria la maji ya moto, "mzazi, kasema anamfuata mama yake, na penseli zake za rangi amezigawa, naomba uje," nami nikajibu, "Nakuja," neno moja tu, na barabara yote hadi hapa sikuwasha redio.

Ya furaha imefunguka kwanza. Hatua saba za kuirudisha furaha yako, tabasamu mbele ya kioo kila asubuhi, kunywa maji ya kutosha, kiasi gani hawasemi, andika mambo matatu unayoshukuru, tembea, hatua ya tano mkumbatie mwenzi wako kwa sekunde ishirini… sekunde ishirini, angalau hapa wametaja kipimo, na chini yake picha ya watu wawili wenye meno meupe, nimepitisha kidole haraka, wamepanda juu wakapotea… sina ugomvi nao, aliyeandika hakuwa akinifikiria mimi, ila mwenzi wangu angecheka, yeye mkalimani wa mahakamani, siku nzima anahamisha maneno ya watu kutoka lugha hii kwenda ile huku hakimu akimkodolea macho, angesoma hatua zote saba kwa sauti ya kiapo halafu aniulize, "Shahidi, ulitabasamu au hukutabasamu?" na mimi ningesema kwamba tabasamu halina kizio, naye angesema, "Wewe bwana, maneno unayapima kwa gramu halafu unayauza rejareja…"

"Nyanyua miguu, Baba, nipitishe dekio," mama wa usafi, ndoo yake inanukia dawa ya sakafu, nimenyanyua, nikabaki hivyo hewani kama mtu aliye kwenye bembea. "Pole na kusubiri. Lakini hivyo viti usiviamini, juzi mzazi mmoja aliinuka, kiti nacho kikainuka naye." "Kikafika wapi?" "Kilitolewa hapo mlangoni, kwa kuvutana," na amecheka peke yake akaendelea na korido, nami nimetabasamu, hatua ya kwanza hiyo, bila kioo.

Ya pili. Afya ya akili, maswali tisa, katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na haya yafuatayo, hapana kabisa ni sifuri, siku kadhaa ni moja, zaidi ya nusu ya siku ni mbili, karibu kila siku ni tatu. Usingizi, tatu. Hamu ya kula, mbili. Kushindwa kukaza mawazo, sifuri, kazini sijakosea hata gramu… hapana, Ijumaa nilipiga muhuri mizani ambayo sikuwa nimeipima, nilirudi kesho yake kimyakimya nikaipima, basi moja. La tisa linauliza kama umewahi kufikiri kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, nami nimebonyeza sifuri haraka, haraka kuliko yale mengine yote, na haraka hiyo naijua, ni ya muuza duka anayekwambia mizani yangu haina shida, afisa, kabla hujaifikia, na hao ndio ninaoanza nao… nimeliacha lilivyo. Jumla kumi na nne, wasiliana na mtaalamu. Chini, kwa rangi nyekundu, dalili za hatari kwa mtoto aliyefiwa, na hapo ndipo nimeacha kupitisha kidole, kwa sababu ya kwanza ni kusema kwamba anataka kumfuata marehemu, na ya tatu ni kugawa vitu anavyovipenda, na ya nne ni utulivu wa ghafla usio na maelezo.

Utulivu. Wiki kumi na moja tangu Jumanne ile hajalia mbele yangu, wala mbele ya majirani waliokuja kutufariji, na makaburini sikumpeleka, nilimwacha nyumbani kwa jirani kwa sababu nilidhani ndiyo hekima, anaamka, anavaa, anapiga mswaki, tunamwita Sisimizi kwa jinsi asivyotulia lakini hata usisimizi wake umekuwa na mpangilio, na dada yangu alipokuja alimtazama akasema, "Kaka, huyu mtoto ana moyo wa chuma, amekushinda," na mimi nikajivuna, Mungu anisamehe, nilijivuna, nikaegemea huo moyo wa chuma kila jioni kama ukuta, nikasema akiweza yeye nami nitaweza, na sasa maandishi mekundu yananiambia ukuta wenyewe… nimetafuta msaada zaidi, nimeandika ukiwa wa mtoto, u-ki-wa, ule upweke wa aliyefiwa, na mashine imedhani naanza sentensi, ikanimalizia, ukiwa na mtoto wa miezi sita anza kumpa vyakula laini, ukiwa mjamzito, ukiwa na furaha, ukiwa mbali na familia… kurasa na kurasa za ukiwa, na hata moja si ukiwa.

Sauti zao zinavuja chini ya mlango. Nimezima skrini ili nisikie vizuri, kana kwamba mwanga wa simu una kelele.

"…begi lako nimeliona, mwanangu. Nani alikusaidia kupanga?" "Mwenyewe." "Na hii miwani?" "Ya Mama. Aliisahau juu ya friji siku ile. Bila miwani hawezi kusoma kitu, hata jina la mtaa hawezi." "Na hizi soksi, mbona kubwa?" "Za Baba."

Soksi zangu. Jozi mbili za kijivu, nimezitafuta wiki nzima, nimegeuza droo, nimelaumu kamba ya kuanikia na upepo, na kumbe zilikuwa ndani ya begi alilokuja nalo leo, lile la shule ya awali lenye picha ya samaki… kwa nini soksi zangu, mtoto anayetaka… mtoto mwenye zile dalili nyekundu hapakii soksi za baba yake, hiyo haimo kwenye orodha yoyote.

"Na penseli?" "Nimempa mwenzangu kwa sababu begi limejaa." "Mnaenda wapi, mwanangu?" Na hapo sauti yake inakuwa ya taratibu, anamhurumia mtu mzima asiyeelewa jambo dogo, "Kwa Mama. Si ametangulia? Baba aliniambia, Mama ametutangulia. Mtu akitangulia, wengine si wanafuata?" "Lini?" "Shule ikifungwa. Baba hajasema siku, lakini hawezi kunitoa katikati ya muhula, hapendi."

Kumbe. Kumbe ni hilo tu, nimevuta pumzi na imeshuka hadi chini, hataki kufa mwanangu, hataki, anataka kusafiri, na raha hiyo imekaa kifuani kama sekunde tatu hivi kisha imegeuka, kwa sababu neno ni langu, nililichagua mimi, na nakumbuka mahali nilipolichagulia, maegesho ya hospitali, saa nne asubuhi, jua kwenye kioo cha gari, daktari alikuwa ameniambia mshipa wa kichwani, ameniambia tumejitahidi, nami badala ya kulia nilitoa simu nikaandika jinsi ya kumwambia mtoto, na ukurasa ukafunguka, huuhuu wa malezi, sasa nauona tena kwenye karatasi ya Mwalimu, rangi zilezile, mtoto yuleyule wa kuchorwa anayetazama mawingu, epuka kusema amelala, mtoto ataogopa kulala, epuka kusema amesafiri, mtoto atamsubiri arudi, nami nikafuata kama ninavyofuata kanuni za idara, nikaliondoa amelala, nikaliondoa amesafiri, amefariki nikaliona ni neno la redioni, mtoto wa miaka saba atalisikia kama jina la mji, na lile jingine, fupi, lile tunalolitumia kwa kuku na kwa betri ya saa, hilo halikupita kooni, nikaona ametutangulia liko salama, la heshima, wazee wanalisema, halimo kwenye orodha ya makatazo, nikaendesha gari hadi nyumbani nikachuchumaa mbele yake nikalisema mara moja, kwa ufasaha, naye akauliza, "Sasa hivi?" nikasema, "Leo asubuhi," naye akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na alikuwa ameelewa, ndiyo balaa yenyewe, alielewa sawasawa, kwa sababu nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kazi yake, kila likizo mama yake alitangulia kwao kwa basi na mimi nikabaki na ukaguzi wa mwisho wa mwezi, "Mama ametutangulia," nilimwambia kila mara, huku nikimfungia viatu, "Jumamosi tunamfuata," na Jumamosi tukafunga begi tukamfuata, mara ngapi, mara sita, mara saba, bila kukosa, hakuna neno nyumbani mwetu lililokuwa limehakikiwa kuliko hilo, mara zote lilisoma sawa.

Na silabi ya tatu. A-me-tu. Ningeweza kusema ametangulia tu, na hata hilo lingekuwa kosa, lakini lingekuwa kosa dogo zaidi, mimi niliongeza hiyo -tu-, niliwaweka ndani watu wawili, na mmoja wao ana meno mawili yasiyoota bado… nilikuwa namfikiria nani nilipoliweka? Si yeye. Pale kwenye gari, jua machoni, nilikuwa najisemea mwenyewe, ametutangulia, yaani njia ipo na mimi niko juu yake, ni suala la siku tu, na tangu hapo nimeishi hivyo, nimelipa kila kinachotakiwa kulipwa, nimepanga faili za idara ili mtu mwingine akizishika asihangaike, sijanunua hata kijiko kipya, nikayaita hayo utaratibu… naye mwenye begi la samaki alikuwa akifanya hayohayo chumba cha pili, tofauti yetu ni kwamba yeye alikumbuka kunipakilia.

Lile la tisa si sifuri. Ni moja. Siku nyingine ni mbili. Nimelibadilisha, nimeweka mbili, jumla imepanda hadi kumi na sita, ushauri chini ni uleule, wasiliana na mtaalamu, na kuna namba, nimeihifadhi, jina nimeweka Mtaalamu, kesho saa mbili nitapiga.

Sasa huyu wa ndani. Nikimwambia, si namrekebishia neno, hilo lazima nilielewe kabla mlango haujafunguka, kwangu mimi ilikuwa Jumanne ile, kwake bado haijawa, wiki kumi na moja ana mama aliye mahali fulani bila miwani, na mama huyo ataondoka leo, saa nane na nusu hivi, kwa mdomo wangu… atauliza nani atampelekea hiyo miwani, atauliza kwa nini basi nilisema, nami nitasema nilikosea, Baba alichagua neno baya, atalia, na safari hii sitamwacha kwa jirani, na moyo wa chuma utayeyuka na mimi sitakuwa na ukuta wa kuegemea jioni, haya, basi tutakaa sakafuni.

"Mzazi," kichwa cha Mwalimu mlangoni, miwani imepanda kwenye paji la uso, macho yamelowa, "dakika mbili tu, namalizana naye." "Sawa, Mwalimu." "Umezisoma?" "Nimezisoma." Mlango umerudi. Sakafu ya korido inakauka kwa vipande, mama wa usafi amefika mwisho na anakamua dekio, kiti bado ni kidogo, magoti bado yako kidevuni, na midomo yangu inajaribu bila sauti, ame, inakwama, ame, mke wangu ame… mke wangu amekufa. Haya. Limepita, linakwaruza lakini limepita, mke wangu amekufa, mama yako amekufa, mwanangu, mwili wake uliacha kufanya kazi na hatarudi, wala si mahali pa kufuatwa, siyo shule ikifungwa, siyo Jumamosi, na wewe huendi, na mimi… hapa ndipo pagumu, nalirudia, lazima niliseme nikimtazama machoni na liwe kweli siku hiyohiyo ninapolisema, na mimi siendi, tunabaki hapa, mimi na wewe, hatuendi.