Mikunjo Miwili ya Bangili

Mimi nauza vitenge sokoni Iringa, na mdomo wangu unajulikana. Ukigusa kitu cha mama yangu vibaya, utanisikia mpaka Ruaha Mbuyuni.

Mama, Bi Saida, haoni tena. Mwaka huu alianguka mlangoni, mkono ukavimba, hospitali wakaikata bangili yake ya fedha ili kuuokoa mkono. Walifanya vizuri, nawashukuru. Lakini bangili ile aliinakshi baba yangu, marehemu Othmani, walipokuwa bado maharusi. Majani yamejikunja kuizunguka yote, na mama alizoea kuyapapasa kwa kidole gumba kila akikaa. Sonara akailehemu, na pale kwenye kiungo mikunjo miwili ikafutika. Mama akakataa kuivaa. Alisema pale pana shimo.

Fundi wa kwanza akachora kwa mashine. Mama alipapasa, akaniuliza nani kakwaruza bangili yake kwa msumari. Ikabidi sonara ajaze upya. Fundi wa pili nilimfokea hata kabla hajaanza, maana nilimwona anavyoshika tindo. Siku zikaenda, mama anashikashika mkono mtupu, chakula anakisukuma pembeni. Nikaingiwa na hofu kwamba atanifia bila bangili ya baba.

Ndipo nikaelekezwa kwa Kalinga, fundi wa nakshi aliyeko Mbeya, Mhehe wa Idodi. Mama akasema bangili haiendi popote bila yeye, basi tukaenda wote. Mhehe na bangili za nakshi, wapi na wapi? Nilimwambia hivyo hivyo usoni. Hakukasirika. Alisema nimwachie afanye kazi kwanza, matusi yatafuata.

Jamani, yule mtu anajua. Bangili aliivisha kwenye kipande cha mti, akakilaza juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga. Kulia ana tindo ndogo anayoisukuma kwa kiganja, kushoto anaugeuza mto taratibu, fedha inanyanyuka nyembamba kama unywele mbele ya tindo. Akanionyesha jinsi mkato wa baba unavyoanza kwa wembamba, ukanenepa tumboni mwa jani, kisha ukaishia kwenye ncha usiyoiona. Upande mmoja wa mkato umelala, ndiyo maana unameremeta. Nilimwelewa kila neno, na nilimpenda kwa namna alivyomheshimu baba yangu asiyemjua.

Halafu akajaribu mkunjo wenyewe kwenye kipande cha shaba. Akajaribu tena na tena, mwishowe akaweka tindo chini.

"Siwezi, dada," alisema. "Mimi nikifika nusu lazima niachie mto nishike upya, na alama inabaki. Mkunjo huu wa baba yako umezunguka bila kusimama. Mto ulikuwa unageuzwa na mtu mwingine."

Nikawaka. Nilimwambia asitafute visingizio, baba alifanya kazi peke yake, Iringa nzima inajua kazi ya Othmani.

"Nilikuwa nageuza mimi," mama alisema kutoka kwenye kiti chake.

Nilimuuliza mbona hajawahi kusema. Akajibu kwamba wateja walikuja kumsifu fundi, na yeye alikuwa anawaletea kahawa. Hakuna aliyemuuliza. Wallahi niliona aibu, maana hata mimi mwanawe sikuuliza.

Kalinga akamsogezea kigoda, akamwomba radhi kwa kumshika mikono, akaiweka kwenye mto. Walianza na shaba. Mama ndiye aliyeongoza, akimwambia asikimbie, amfuate. Akamfuata. Kisha wakahamia kwenye fedha. Mto ulizunguka mfululizo, na tindo ikazunguka nao mpaka mkunjo wa pili ukakamilika.

Mama akapitisha gumba juu ya kiungo, akarudia, akarudia tena.

"Mkono wa baba yako haumo hapa," alisema, akiivaa. "Wangu umo."