Bwawa Lisilovuja

Udongo wa mfinyanzi una wivu kuliko mke. Ukishaulaza chini ya bwawa na kuukanyaga kwa miguu mpaka ushikamane, unakutaka ukae papo hapo, uumwagie maji asubuhi, mchana na jioni, mpaka siku bwawa litakapojazwa. Ukiuacha na jua la mchana mmoja tu, unapasuka. Na ukishapasuka, ndugu yangu, huzibi ufa. Unang'oa wote na kuanza upya.

Fundi hakuhadithiwa hayo. Zamani alijenga bwawa kwenye hoteli moja, akawaachia vibarua wamwagie, yeye akaenda harusini. Kurudi, chini pamekuwa kama kisigino cha mzee. Tangu hapo akaitwa Chekecheke, na jina baya halina likizo: watu walimwita hivyo kazini, wakamwita hivyo hata msibani. Kwa hiyo bustani ya mimea ya umma ilipotaka bwawa jipya la mayungiyungi, na kilima cha mawe pembeni, na kijito cha kuviunganisha, naye akapewa kazi, aliapa kwamba safari hii hakipasuki kitu.

Kilima kikaisha, kijito kikaisha. Bwawa lenyewe yeye na vibarua walilikanyaga pekupeku, suruali wamezikunja magotini, mpaka udongo ukawa mzito na laini kama unga uliokandwa. Yakabaki maji. Maji yalingoja pampu, na pampu, kwa maneno ya meneja wa bustani, ilikuwa inakuja kesho. Lo, kesho ya meneja! Kila ukiifikia, imeshasogea mbele.

Ndipo mpwa wake wa kike alipopiga simu. Dada yake fundi, mkubwa wake, yule aliyembeba mgongoni mama yao alipofariki, akamlisha na kumsomesha kwa kufua nguo za watu, alikuwa amelazwa hospitali ya mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi.

"Mjomba, mama anakuulizia. Anasema ana neno nawe."

"Neno gani?"

"Hasemi. Anasema ni lako."

"Mwambie maji yakiingia tu, niko njiani."

Alimpenda dada yake, asije mtu akasema hakumpenda. Alishika mpira wa maji huku machozi yanamtoka, akawa anayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilijaa tope. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Mama Vitalu, mwanamke aliyelea miche ya bustani ile tangu enzi za kubeba ndoo mbili kwa mpigo, akaja kusimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Wewe Chekecheke, kweli dada yako yuko kitandani, nawe uko hapa unaogesha shimo?"

"Pampu inakuja kesho."

"Hata ije mwakani! Nenda. Nitamwagia mimi. Kumwagia maji ndiyo kazi yangu, sikuianza jana."

"Wewe unamwagia miche. Huu ni udongo, ukisahau mara moja tu..."

"Nisahau nini? Nionyeshe unavyofanya, nitafanya vile vile."

"Niliwahi kuwaonyesha watu."

Mama Vitalu akasonya. "Haya, kaa na huyo mkeo wa udongo. Ila dada hafinyangwi kwa tope."

Simu ikalia tena. "Mjomba, daktari anasema usichelewe." Fundi akajibu kesho. Alijisikia mwenyewe akiitamka, kwa sauti ile ile ya meneja, na aibu ikamshika, lakini mpira wa maji hakuuacha. Siku iliyofuata simu haikulia. Akaona basi, dada amepata nafuu, wangekuwa na baya wangepiga. Moyo ukitaka kudanganywa hautafuti fundi.

Siku hiyo hiyo pampu ikaja. Maji yakashuka kijitoni, yakazunguka mawe ya kilima, yakaingia bwawani na kupanda taratibu mpaka ukingoni. Hapo angeweza kuondoka. Akachomeka kijiti chenye alama, akasema alale kwanza, aone kama litashika. Asubuhi maji yalikuwa pale pale kwenye alama. Meneja akampigia makofi, vibarua wakamrusha juu, na fundi akacheka kama hajacheka miaka. Kisha akanawa miguu haraka haraka, akakimbilia basi.

Alifika hospitali jioni, tope kavu bado liko kwenye kucha. Kitanda cha dada yake kilikuwa na godoro tupu. Mpwa wake alikaa kwenye benchi la ukumbini, amepakata mfuko wa nguo za mama yake. Hakuinuka kumwamkia.

"Lini?" fundi akauliza.

"Alfajiri."

Fundi akakaa chini pale pale sakafuni. Akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi, na wapita njia wakamkwepa. Mpwa wake akamwacha alie mpaka akatulia.

"Jana nilimdanganya, mjomba. Alikuwa hataki kula, nikamwambia bwawa limejaa, umeshapanda basi. Alifurahi! Akaniambia nimchane nywele, usije ukamkuta ovyo. Nikamchana. Akakaa kutwa ameegemea mto, anatazama mlango. Kila akisikia viatu, 'Ndiye huyo?' Mimi nasema bado, mama. Giza lilipoingia akasema basi, labda njia ni mbaya."

"Na lile neno?"

"Nilimwomba aniambie mimi, nikufikishie. Akakataa. Akasema unakuja, atakwambia mwenyewe."

Muuguzi akapita na toroli la dawa. Binti akangoja lipite.

"Nikuulize kitu, mjomba, na unijibu kweli. Huko bustanini hakukuwa na mtu hata mmoja wa kukushikia kazi?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, mfupi na mwepesi, na huenda ungemtuliza hata huyo binti. Fundi akautafuta moyo wa kuutoa, akaukosa.

"Alikuwepo," akasema. "Aliniomba mwenyewe nimwachie. Nikakataa."

Mpwa wake akainuka, akatundika mfuko begani, akaenda peke yake kutafuta gari la kumpeleka mama yake nyumbani.