Bundi na Kichwa cha Farasi

Umewahi kumwona mtu akipiga picha giza, kisha akalilaza juu ya giza jingine, na jingine tena, kwa subira ya mtu anayepanga mashuka kabatini? Ndivyo alivyofanya Bundi kila usiku usio na mawingu, uani kwa dada yake, shali mabegani na soksi mbilimbili miguuni.

Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mume wa dada, mtu wa mizaha isiyo na breki. Mchana Bundi, mwanamke mjane, alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa hoteli. Mkono wake uliijua pasi: ukikaza unaunguza, ukilegeza mkunjo unakucheka. Mkono huohuo ndio uliosugua kioo juu ya kioo kwa unga wa msasa na maji, mwezi ukaingia mwezi ukatoka, hadi cha juu kikabonyea kiasi cha kukinga mwanga wa nyota. Akakipeleka kikapakwe fedha, akakitia ndani ya bomba pana la plastiki, lile la maji machafu (jipya lakini, hakuwa mchafu), na mota ya kulizungusha pole pole lifuate nyota akaing'oa kwenye mashine mbovu ya kutolea kopi. Hiyo ndiyo darubini yake. Mdomoni mwa bomba akaifunga kamera ya mtumba.

Alikuwa akiwinda kichwa cha farasi. Karibu na nyota ya mwisho kati ya zile tatu zilizojipanga mstari, pana wingu jekundu la gesi, hafifu mno, jicho haliambulii kitu hata likichungulia darubini. Mbele ya wingu hilo limesimama vumbi jeusi, shingo na pua kama farasi anayesikiliza. Kamera hulipata kwa kudokoa. Picha moja ukiitazama ni nyeusi tii. Mamia yakijumlishwa kwenye kompyuta, kichwa kinaanza kujitokeza.

Mwaka wake wa kwanza Bundi aliziona nyeusi hivyo, akazifuta zote mwenyewe, akidhani kamera imepofuka. Alimsimulia dada yake kosa hilo siku moja akimpigia pasi gauni. Walicheka wote wawili hadi gauni likapata alama.

Mwaka huu kulikuwa na haraka. Presha ya macho ilishalichukua jicho la kushoto, na daktari, alipoulizwa habari ya la kulia, alisema, "Mwakani siahidi." Dada ndiye aliyemshika mkono kutoka hospitali. Alimkalisha kitini, akamtandikia leso mapajani, akakaa mbele yake kusubiri. Bundi akanywa chai, akashukuru, akatoka uani na bomba lake.

Sasa nyota zile tatu zilikuwa zikiwahi kutua nyuma ya paa la jirani. Zimebaki jioni chache, kisha ni mpaka msimu mwingine. Jioni moja Bundi alirudi kutoka kazini akinukia sabuni, akafungua kompyuta ya sebuleni ajumlishe mavuno yake. Humo hamna kitu.

"Dada, picha zangu ziko wapi?"

"Zipi?" Dada alikuwa akikata kucha.

"Za miezi yote hii. Za farasi."

"Aa, zile! Nimezifuta. Kompyuta imejaa pomoni. Nilizifungua, mdogo wangu, nyeusi tupu. Nikasema maskini, jicho limekwisha, anapiga picha kifuniko."

Shemeji alicheka hadi akapaliwa. "Si ungesema, Bundi! Ningekupigia giza la maana chini ya kitanda, tena lina vumbi lake."

"Kwenye pipa la kompyuta je? Huwa zinabaki."

"Nimelimwaga. Mimi nikisafisha, nasafisha."

Kucha ziliacha kulia. Dada alikuwa amemkazia macho, kichwa kimeinama kidogo, mikono wazi mapajani. Maneno yalimjaa Bundi kinywani, yale ya gauni na alama ya pasi. Akayameza kama kidonge bila maji.

"Haya, dada," akasema, akachukua shali.

Uani alilisimamisha bomba, akaitafuta nyota, akaizungushia kioo cha kamera hadi ikawa ncha ya sindano. Alijua kwamba jioni moja haizai farasi. Alijua kama anavyolijua doa lisilotoka. Hata hivyo akabonyeza. Kamera ikafungua jicho.

Taa ya uani ikawaka. Dada alikuwa mlangoni, kidole bado kwenye swichi.

"Unafanya nini?"

"Napiga."

"Hazitatosha."

Bundi aliacha mkono juu ya bomba. "Nani kakwambia hazitatosha?"

Dada akasogea hadi ukingoni mwa kizingiti.

"Zima taa, dada. Zinatua."

"Geuka kwanza."

Bundi akageuka. Dada alishuka kizingiti, akamshika kidevu, akamwelekeza kwenye mwanga. Akalipekua jicho la kulia, akapekua na lile lililokufa, kope kwa kope. Yote makavu. Nyuma yao kamera ilikuwa ingali wazi, ikikinga taa.

"Hata leo?" dada akasema. Hakukiachia kidevu. "Ulifiwa na mume, ukaja kwangu unasugua kioo. Jicho likaenda, ukatoka na bomba. Nimekupa chumba, nimekupa sahani, hakuna siku umeniegemea. Nilijua zile picha ni nini. Nilijua vizuri sana."

"Sasa ulitaka nini, dada?"

"Nilitaka ulie. Basi. Uje kwangu, ulie."