Siku Mwanamwema Aliponyamaza

Wapemba wana sifa nyingi, lakini kunyamaza kando ya mgonjwa si mojawapo. Mgonjwa huulizwa alilalaje, amekula nini, mbona hakula. Husomewa Yasini, hulazimishwa uji, na kabla wageni hawajaondoka husimuliwa habari za mgonjwa mwingine aliyekuwa hoi kuliko yeye akapona. Mwanamwema Khatibu alilelewa katika adabu hiyo, na miaka ya uuguzi London haikumpunguzia hata chembe. Kwa hiyo alipokwenda kwenye semina ile, mwaka 2008, alikwenda na mdomo wake.

Ilikuwa semina ya wauguzi na madaktari wa afya ya akili, katika ukumbi wa kukodi karibu na stesheni ya Stratford. Mada ilikuwa tiba ya saikosibini, dawa iliyomo ndani ya ule uyoga unaomfanya mtu aone mambo. Miaka michache tu nyuma uyoga huo mbichi ulikuwa ukiuzwa waziwazi soko la Camden, pamoja na fulana na mikufu ya bandia, mpaka sheria ikabana. Wengi wa waliohudhuria walifuata cheti na chakula cha mchana. Mwanamwema alimfuatia mumewe dawa.

Mumewe, Muhiddin, alikuwa mwalimu wa hesabu Wete. Walikimbia Pemba mwaka 2001, baada ya maandamano ya kisiasa ambayo mdogo wake Muhiddin, Vuai, aliyaendea asirudi. Tangu hapo Muhiddin hakulitaja tena jina la Vuai. London alifanya kazi ya ghala, akaiacha, na sasa alikuwa akishinda kitandani, uso ukutani. Vidonge vilibadilishwa, washauri wakabadilishwa, yeye hakubadilika. Mwanamwema aliogopa, tena aliogopa kitu kimoja: kwamba siku moja atarudi kutoka shifti amkute amejimaliza.

Mkufunzi alikuwa Dokta Balwinder, mama mfupi asiye na haraka. Alieleza kwamba dawa yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Kwanza mgonjwa huandaliwa, azoeane na watakaokaa naye. Siku ya dawa hulala, amefungwa kitambaa machoni, muziki masikioni, kwa saa nyingi. Baadaye huzungumzwa naye, ayapange aliyoyaona. Mwenye wazimu katika ukoo wake hapewi.

“Na anayekaa naye afanye nini?” Mwanamwema aliuliza.

“Akae,” alisema Dokta Balwinder. “Hamuulizi, hamwongozi, hamfariji kwa maneno. Mgonjwa akitafuta mkono, anampa. Akishajua kuna mtu hapo asiyemdai chochote, atajifungua mwenyewe.”

Wakafanya mazoezi, bila dawa. Peris, muuguzi Mkenya anayeishi Thamesmead, alilala kwenye godoro akafungwa macho, na Mwanamwema akaketi karibu naye. Alitazama dari. Alitazama viatu vyake. Peris akavuta pumzi ndefu.

“Wasikia baridi?” Mwanamwema akanong'ona.

“Hapana.”

“Ushakula lakini?”

“Dada, wacha nisafiri basi!” Peris alicheka chini ya kitambaa.

Mwanamwema akaufunga mdomo, lakini midomo ikaanza yenyewe kusoma Yasini. Dokta Balwinder akainama sikioni mwake. “Maneno hayo yanamsaidia nani,” aliuliza, “yeye au wewe?”

Swali lilimuudhi. Wakati wa chai alimfuata hata hivyo, akamwambia ana mgonjwa, mwanamume wa makamo, hasikii dawa. Je, hii atapata? Dokta alimjibu kwamba tiba hiyo haijaingia Uingereza, utafiti uko Marekani kwa watu wachache, na hapa pengine ingechukua miaka mingi. Asithubutu kumtafutia mitaani.

“Ana mtu wa kukaa naye?” Dokta akauliza.

“Anaye,” alisema Mwanamwema.

Siku aliyokuwa mapumzikoni alibeba kiti cha jikoni akakiingiza chumbani, akaketi nyuma ya mgongo wa mumewe. Hakusema amka. Hakusema kunywa uji. Uji wenyewe aliuweka mezani bila neno. Ulimi ulimwasha, akaung'ata. Jioni binti yao, Malak, alirudi kutoka shule, akachungulia, akauliza kwa Kiingereza kama wamegombana. Mama yake akajiwekea kidole mdomoni, kumwashiria anyamaze.

Siku ya pili akafanya vilevile. Alijiona anaendelea vizuri. Adhuhuri Muhiddin akageuka, akamtazama, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

“Mwanamwema.”

“Ee.”

“N'mekukosea nini?”

“Hujanikosea kitu.”

“Mbona wanisusa basi?”

Hapo ndipo alipotambua alichokifanya. Mke wa Kipemba akikasirika kweli hapigi kelele. Hupakua chakula, hutandika kitanda, na neno hakupi, mpaka mume akatafute wazee wa kumwombea radhi. Muhiddin alikuwa amelala pale siku mbili akiyatafuta makosa yake, na aliyapata mengi.

“Kila siku waingia, wasoma, wanisimanga na uji wako,” alisema, sauti imekauka kwa kutotumika. “N'kasema, huyu bado anitaka. Jana umekaa hapo kama hakimu. N'kasema basi, hata yeye kachoka. Nikiondoka sasa hapana wa kuniuliza nimekula.”

 Mwanamwema alikuwa amekaribia kumuua kwa tiba.

“Na mie n'limsusa Vuai,” Muhiddin akasema.

Jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu walipohamia. Alilisema kama anayengoja aone litafanya nini.

“Tuligombana usiku, sitaki ende. Asubuhi kasimama mlangoni, kanitolea salamu. Sikuitika. Karudia. Sikuitika. Kenda zake.”

Akaanza kulia, mdomo wazi, kama mtoto. Mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka.

Kwa mujibu wa semina, Mwanamwema alitakiwa ampe mkono na asiseme kitu. Mkono alimpa. Akalia naye, akamwita bwana wangu, akamwambia salamu ile Mungu ameiona, akamwambia hajachoka naye wala hatachoka, akasema na mengine mengi ambayo Dokta Balwinder asingeyapenda.

“Ushakula wewe?” hatimaye akamuuliza.

“Sijala.”

Uji ulikuwa umepoa. Akauchukua kwenda kuupasha, na njia nzima mpaka jikoni alikuwa akisema kwa sauti, habari za Peris, habari za kitambaa cha macho, chochote, ili mumewe amsikie.