Kwa Niaba ya Ezra

Nasema mapema kwamba mimi si mtu wa subira, na kazi yangu inataka subira. Nafundisha Kiingereza watu wazima mjini Handeni, kila Jumamosi alasiri, katika stoo ya duka la mzee Ratilal, katikati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta ya kula. Ubao wangu umeegemea mifuko ya unga wa ngano. Mteja akitaka unga, somo linasimama mpaka ubao utafutiwe pengine pa kuegemea.

Siku hiyo nilikuwa nafundisha "on behalf of". Niliona itawaingia haraka, maana nani kati yetu hajawahi kukaa juani akimsikiliza mtu anayezungumza kwa niaba ya mgeni rasmi, ambaye naye alikuwa aje kwa niaba ya mkubwa wake aliyepata dharura? Nikaandika ubaoni, nikasema kila mtu atunge sentensi.

Nasinkoi, anayeuza maziwa sokoni, akaanza. Alisema kwa niaba ya ng'ombe wake anaomba mvua. Nikampa vema. Mzee Ratilal, ambaye hakuwa mwanafunzi ila hawezi kusikia watu wakiongea naye akanyamaza, akapaza sauti kutoka kaunta: kwa niaba ya mke wake Kanchan, anaomba tusikalie magunia. Naye nikampa vema, tukaendelea kukalia magunia.

Ezra peke yake alikuwa kimya. Ezra ni mfugaji wa kwenye mbuga za huku Handeni, mrefu, mpole, akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Alijiunga na darasa ili aweze kusoma mwenyewe maandishi ya chupa za dawa za mifugo. Chupa alishazimaliza zote, lakini darasani aliendelea kuja. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu nilikuwa najua, na nilikuwa nafurahi.

"On behalf of myself," akajaribu.

"Haisemwi hivyo," nikamkatiza. "Hapo unamsemea mwingine, aliyekutuma. Hujisemei wewe."

"Na wa kunisemea mimi lazima awe nani, Mwalimu?"

"Yeyote uliyemtuma."

"Hata mwanamke?"

"Kiingereza hakichagui," nikajibu, nikageukia ubao haraka, maana kicheko kilikuwa kinanijia.

Haukupita muda mrefu Ezra akaniambia anataka kuja kwetu Mkumbara kuniposa. Nilimwambia aje, tena afanye upesi. Baba yangu alishafariki, na anayesimama mahali pake ni kaka yake, baba mkubwa Denis. Baba mkubwa alikuwa na chaguo lake, bwana mmoja wa Korogwe mjini aitwaye Valerian, mwenye gari jeupe na maneno ya kuahidi. Watu wa Valerian walikuwa waje Jumapili, baada ya wiki mbili. Kwetu posa ikishapokewa, mlango umefungwa, hapokewi mwingine. Lakini ikiharibika hairudiwi. Ezra alikuwa na nafasi moja tu.

Alihitaji mshenga mwenye ulimi, na Handeni nzima hakuna ulimi kama wa mzee Ratilal. Kazaliwa pale pale, na Kizigua chake kinawashinda wenye Kizigua chao. Mzee Kakuta, babake Ezra, alikuja mwenyewe dukani akamkabidhi fimbo yake. Kwao anayeshika fimbo ndiye mwenye maneno, wengine husikiliza. Ratilal aliipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo wateja walikiona cha moto. Alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake kwa kila aliyeingia. Nasinkoi alikuja kununua sukari, akaposwa kwanza ndipo akapimiwa.

Mimi nilitangulia Mkumbara. Ezra na mzee Ratilal walikuja na basi Jumapili asubuhi, wiki moja kabla ya watu wa Valerian, na haya ya njiani nilisimuliwa na Ezra. Kutoka Handeni hadi Korogwe mzee Ratilal alihutubia basi zima. Abiria wakampigia makofi, jambo ambalo halikupaswa kufanyika, kwa sababu aliirudia hotuba yote kutoka Korogwe hadi Mombo. Pale Mombo akashusha soda mbili za baridi ili kulainisha koo. Walipofika kwetu, mdomoni mwake ulikuwa unatoka upepo tu.

Mimi sikujua. Nilikuwa jikoni na shangazi Shida, sikio langu likiwa kwenye pazia, maana kwetu mwali haonekani mpaka aitwe. Nilimsikia baba mkubwa akikohoa kidogo kwenye kiti cha baba.

"Karibuni wageni. Mimi hapa nimekaa kwa niaba ya marehemu mdogo wangu. Semeni kilichowaleta."

Ikasikika sauti ya tairi linalotoa upepo. Nikafunua pazia kidogo. Mzee Ratilal alikuwa amesimama, fimbo kaiinua, midomo inakwenda, na hakuna neno linalotoka. Wazee wa ukoo wetu walikuwa wameinama mbele, wametega masikio. Mmoja alishavua kofia, akidhani ni sala.

"Huyu bwana ana nini?" baba mkubwa akauliza.

Ezra akafungua mdomo. Baba mkubwa akainua kidole.

"Kijana, kwetu mposaji huja kutazamwa, haji kusikilizwa. Ukitamka neno, posa imeharibika."

Ezra akafunga mdomo, akatazama chini. Nilimwonea huruma.

"Basi," akasema baba mkubwa kwa upole, "kama mshenga hana neno, sisi tutakula chakula, tutaagana salama."

Hakuwa na ubaya. Ila mimi namjua, na ile ilikuwa sauti ya mtu ambaye tayari anaona gari jeupe limeegeshwa uani. Hasira zikanipanda. Nikanyanyuka, na shangazi Shida akanidaka kanga.

"We mtoto, mwali hatoki hajaitwa."

"Sitoki kama mwali, shangazi," nikasema, nikamwachia kanga mkononi.

Niliingia, nikawaamkia wazee mmoja mmoja, kisha nikaenda moja kwa moja kwa mzee Ratilal na kunyoosha mikono. Alinitazama, akamtazama Ezra. Ezra akatikisa kichwa kukubali, wala hakutoa neno. Ratilal akanikabidhi fimbo kama yeye alivyokabidhiwa.

"Serafina, rudi ndani," akasema baba mkubwa.

"Baba mkubwa, Serafina yuko ndani. Aliyesimama hapa ni mshenga."

Mzee mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Baba mkubwa akawauliza wenzake kama kuna aliyewahi kusikia mshenga mwanamke. Yule mwenye kikohozi akasema marehemu mama yake alikuwa mshenga hodari sana huko Magoma.

"Ila hakuja kujiposa mwenyewe," akaongeza.

Ile hotuba ya Ratilal nilikuwa naijua kuliko Baba Yetu, na yote ikanitoka kichwani. Nikashika fimbo vizuri.

"Nimetumwa na mzee Kakuta wa Handeni na mwanawe Ezra," nikaanza. "Ezra hana gari. Ana ng'ombe, na anawajua mmoja mmoja. Hana maneno mengi hata akiruhusiwa. Alimaliza kusoma chupa zake za dawa, akaendelea kuja kukaa juu ya gunia la chumvi kila Jumamosi. Binti wenu ana hasira za karibu, hilo hamhitaji kuambiwa. Huyu akikaripiwa naye hucheka, na hachekei kumdharau. Anacheka kwa sababu anampenda. Hilo ndilo nililotumwa kusema, kwamba anampenda."

Neno hilo Ezra hakuwahi kuniambia, wala mimi sikuwahi kumwambia, na sasa tulikuwa tumelisikia wote mbele ya wazee.

Baba mkubwa akajiweka sawa kitini. "Haya. Utaratibu ni kwamba binti aitwe aulizwe."

Wazee wakanitazama. Nikamrudishia Ratilal fimbo, nikaenda jikoni. Shangazi Shida akanifunika kanga kichwani, akanisukuma kurudi nilikotoka. Niliingia nimeinamisha macho, na wote tukajifanya kama ndiyo kwanza naonekana.

"Binti, unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu."

"Alichosema mshenga wao umekisikia?"

"Nimekisikia."

"Ni kweli?"

"Kweli tupu, baba mkubwa."

"Na wewe? Nani wa kukusemea?"

"Nitajisemea mwenyewe," nikasema. "Nampenda."

Kule pembeni mabega ya Ezra yalikuwa yanatikisika. Baba mkubwa alivua kofia, akaiweka gotini.

"Mimi Denis," akasema taratibu, "nikiulizwa mimi, yule wa Korogwe ananifaa zaidi. Siwafichi." Akapapasa mkono wa kiti. "Lakini hapa sikukalia kiti changu. Mwenye kiti hiki hakuwahi kumnyamazisha huyu mtoto tangu alipoota meno, wala hakutaka. Alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho. Kwa niaba ya mdogo wangu, posa imepokewa."

Nililia, sikujali nani ananiona. Vigelegele vya shangazi Shida vilitangulia pazia. Mzee Ratilal naye akafungua mdomo ashangilie, ukatoka upepo ule ule, akaamua kupiga fimbo sakafuni.

Sasa Ezra aliruhusiwa kusema. Alinyanyuka, akasogea mbele ya kile kiti, akainama.

"Shikamoo, baba."

Baba mkubwa alimtazama kwa muda, akampokea mkono.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, na safari hii hakusema ni kwa niaba ya nani.